Sulle wa Wapi?

Jumapili, 24 Februari 2013. Endasak.
Mvua: hakuna. Wingu limekaa juu ya mlima Hanang tangu asubuhi, kisha likaondoka bila kuaga.

Nimenunua daftari jipya, la mwaka jana limejaa. Serikali ilinipunguza kazi ya ubwana shamba mwaka 1996, lakini haikuninyang'anya kipimo cha mvua wala tabia ya kuandika. Mke wangu Justina husema naandika mvua ambazo hata Mungu ameshazisahau. Mwache aseme.

Leo kuna habari kubwa kuliko mvua. Mwanangu Patriki, fundi pikipiki, amefikisha miaka ishirini na tisa na hatimaye amepata mchumba. Anaitwa Jenifa, ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao ni Nambis, Mbulu. Nilifurahi mpaka nilipouliza jina la ukoo wao. Patriki alitazama viatu vyake, akasema ni Sulle.

Na sisi ni Sulle.

Jumatatu, 4 Machi
Mm 11. Nimepanda mahindi sehemu ya juu. Mpini wa jembe umenichubua, ishara kwamba nimezeeka au nimekuwa mvivu. Justina ana jibu lake, sikumuuliza.

Jumamosi, 9 Machi
Mm 6 hapa nyumbani, kwa mujibu wa Justina, ambaye hukisia.

Tumekwenda Nambis kuposa, mimi, Patriki na wazee wawili majirani. Kutoka Dareda gari lilipanda ukingo wa bonde kwa kunguruma na kutetemeka, nami nikawaza jinsi mama yangu alivyouteremka ukingo huohuo kwa miguu, peke yake, mimi nikiwa tumboni.

Niandike hili wazi, kwa kuwa sijawahi kuliandika. Mama yangu Lucia alipata mimba yangu mwaka 1951, akiwa na miaka kumi na minane, hajaolewa. Zamani kwetu Wairaqw, binti wa namna hiyo hakulala tena ndani ya mipaka ya nchi yetu. Waliamini mvua itakataa kunyesha na ng'ombe watakufa. Alitolewa nje, akashuka hadi tambarare za Hanang, akapokelewa katika boma la Wabarabaig, wafugaji wa huko, na humo ndimo nilimozaliwa. Nilipoanza shule alimwambia mwalimu aandike Gidion Sulle, jina lisilo la ukoo wake. Watu walimuuliza ni Sulle yupi. Mimi nilimuuliza mara nyingi kuliko wote. Alifariki mwaka 1998 hajasema, na kwao walikuwa wamehama zamani, hakubaki wa kuulizwa.

Basi tulifika kwa Mzee Hermani Sulle, babu yake Jenifa. Ana miaka themanini na minne na ndiye mkubwa wa ukoo wa Sulle pale Nambis. Ni mrefu, koti zito la kijivu, macho ya mtu anayehesabu mbuzi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukapewa uji na viazi. Wazee wangu wakasema tulichokijia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sulle haoi Sulle," akasema. "Watoto wetu hawawezi kulala na dada zao eti kwa sababu wengine walihamia Hanang. Ila uniambie kama ni Sulle mwingine, jina moja ukoo tofauti. Wewe ni Sulle wa wapi? Baba yako nani?"

Nikamwambia sijui.

Kulikuwa na wanaume tisa pale uani na hakuna aliyenitazama. Nina miaka sitini na moja. Nimefundisha nusu ya wilaya kupanda maharage kwa mistari. Pale nilikuwa mtoto aliyekosa jibu darasani.

Mzee Hermani akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba mtu asiyejua anakotoka hawezi kuambiwa aende wapi. Tukarudi. Simpendi yule mzee.

Jumanne, 12 Machi
Mm 0. Bado simpendi.

Jumapili, 17 Machi
Mm 19. Mvua nzuri, ya kuingia ardhini.

Baada ya ibada mtendaji wa kata aliniita. Yuko mtafiti kutoka chuo kikuu, Dkt. Violeth, binti wa miaka kama thelathini na minne, anatafuta mkalimani anayejua Kiiraqw na Kibarabaig. Kiiraqw nilipewa na mama, Kibarabaig nilinyonya bomani. Nikauliza wanatafiti nini. Akasema wanapima vinasaba vya familia zenye jina moja la ukoo ili kujua kama kweli zimetoka kwa babu mmoja. Jina walilochagua ni Sulle.

Nikamwomba arudie jina. Akadhani sisikii vizuri.

Wana kaya kumi na nne za Nambis na vijiji vya jirani. Wanapima pia wafugaji wa tambarare, kwa kuwa hadithi za wazee zinasema watu hawa wamechanganyikana tangu zamani. Nikamwambia kaya ya kumi na tano imesimama mbele yake.

Jumatano, 20 Machi
Mm 2.

Nimepimwa. Nilitegemea sindano. Kumbe ni kijiti chenye pamba, unasuguliwa ndani ya shavu, basi. Nimewahi kuchukua sampuli za udongo kwa taabu kubwa kuliko hiyo.

Nilimuuliza Dkt. Violeth mate yangu yatajuaje habari ambazo mama yangu alikwenda nazo kaburini. Akanieleza taratibu, bila kunidharau. Kila mtu ana maandishi ndani ya mwili, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba, na kila kizazi huchanganywa upya. Lakini kipo kipande kimoja ambacho baba humpa mwana wa kiume peke yake, na hakichanganywi. Mwana naye humpa mwanawe. Kinabadilika kidogo sana, herufi moja hapa na pale, katika miaka mingi. Ninacho mimi, anacho Patriki, na alikuwa nacho mtu aliyeishi kabla Mjerumani hajafika. Ila kipimo hakitaji jina la mtu, akasema. Kinaonyesha ukoo, hakionyeshi nani alikutana na mama yako.

Jioni nilikuwa napalilia mboga nikasimama kuutazama mkono wangu. Miaka sitini nimesema sina kitu cha baba yangu, hata kofia. Na muda wote huo kilikuwa humu, kizima, hakijachakaa. Nilisikia machozi yananitoka, nikamshukuru Mungu kwamba Justina alikuwa jikoni.

Jumatatu, 25 Machi
Mm 14.

Siku ya tatu katika maboma ya tambarare. Tope, ng'ombe, nzi, na watu wenye adabu kubwa. Hapa hakuna anayeniuliza mimi ni Sulle wa wapi. Wananiita yule aliyezaliwa kwetu.

Leo mzee mmoja, kabla ya kufungua kinywa kwa kijiti, alisema atatoa kwanza habari zake kwa mdomo, ili mashine isije ikajidai imegundua. Akaanza na jina la baba yake, akaenda kwa babu, akapanda hivyo, jina juu ya jina, bila kukwama. Nilitafsiri hadi la kumi na sita. Dkt. Violeth aliacha kuandika. Mimi ambaye sina hata jina la kwanza nilikuwa nayapitisha kumi na sita kinywani mwangu, na kila moja lilikuwa mtu aliyewahi kuota moto na kupiga chafya. Sikuona wivu. Niliona ukubwa wa kitu, kama mtu anavyouona mlima wingu likiondoka.

Tulipomaliza mzee akauliza mashine itafika la ngapi. Daktari akasema itafika mbali zaidi, lakini haitajua jina hata moja. Mzee akamwonea huruma.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka.
Mm 23.

Jenifa amekuja kula nasi, kwa heshima, akiwa na shangazi yake. Ana sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alinisaidia kusoma kipimo cha mvua na akasoma sawasawa, hadi nukta, jambo ambalo Justina hajaliweza kwa miaka thelathini. Nikamweleza habari ya kipimo kile kingine. Akafikiri, akaniambia kwamba nikipata ndugu atafurahi kwa ajili yangu, hata kama ndugu hao ni wao.

Hapo ndipo nilipouona mtego vizuri. Nikitokea kuwa Sulle wa Nambis, mimi nimepata baba na Patriki amepoteza mke. Nikitokea kuwa Sulle mwingine, Patriki anaoa na mimi nabaki kama nilivyo. Ninaomba nini kanisani? Leo nimepiga magoti, nikasali Baba Yetu tu, nikaishia hapo.

Jumamosi, 6 Aprili
Mm 31. Mahindi yamefika magotini.

Ijumaa, 12 Aprili. Nambis.
Sina kipimo huku. Kwa macho yangu, si chini ya mm 40.

Tumekuja kupima kaya za Nambis na mvua imekata barabara. Daktari na wenzake wamelala misheni. Mimi nimepewa malazi, katika nyumba zote, kwa Mzee Hermani. Yeye mwenyewe alinifuata na mwavuli. Akasema ugomvi wa posa hauna uhusiano na mvua.

Asubuhi kabla ya kupimwa alimuuliza daktari swali moja: "Hiki kipimo kinaweza kumtoa mtu kwenye ukoo?"

Daktari akamjibu kwamba kipimo hakimtoi mtu mahali popote, kinaonyesha tu alikotokea. Kila mmoja atapewa majibu yake peke yake katika bahasha, na hakuna atakayeambiwa ya mwenzake. Mzee akafungua kinywa apimwe. Nilijua swali lile lilinilenga mimi, kwamba kinachoweza kumtoa mtu kinaweza pia kumwingiza, na hakutaka mtu wa njiani aingizwe. Nilimeza. Nimezoea kumeza.

Jumamosi, 13 Aprili. Nambis.
Bado inanyesha.

Nimekosea kumhukumu huyu mzee, au nimemhukumu nusu.

Mvua ilipopungua mchana alinichukua kwenye makaburi ya Sulle, nyuma ya migomba. Yako arobaini na moja. Mengine ni mawe tu, lakini ameyapangilia, amepalilia, na anajua kila jiwe ni nani. Huyu alikuwa mchoyo. Huyu alijenga mfereji. Huyu alikuwa Tekla, mama mzazi wa Mzee Hermani. Huyu aliumwa na chui akacheka. Vijana wenye jina hawaji, alisema, wako Arusha, wako Dar, wanaandika Sulle kwenye simu zao na hawajui hata mmoja wa hawa. Alikuwa anang'oa majani huku anazungumza, magotini, katika tope, na miaka themanini na minne. Nikapiga magoti upande wa pili nikang'oa nami.

Kwa muda kama wa saa nzima nilitamani huyu awe ndugu yangu. Nilitamani hivyo kabisa, moyo wote. Nilitamani mmoja wa wale walio chini awe baba yangu, hata yule mchoyo. Kisha nikamkumbuka Patriki nikaona aibu.

Jumapili, 28 Aprili
Mm 17. Viwavi kwenye mahindi ya jirani. Nimewaambia wanyunyizie majivu, wananiona mshamba.

Jumapili, 5 Mei
Mm 9. Hakuna habari kutoka kwa daktari. Patriki amekonda. Amefungua injini moja mara tatu na mwenye pikipiki amelalamika kwangu.

Jumapili, 12 Mei
Mm 3. Hakuna habari.

Alhamisi, 16 Mei
Sikupima mvua. Ni mara ya kwanza nikiwa nyumbani tangu mwaka 1979.

Dkt. Violeth amefika mwenyewe na bahasha. Tulikaa chini ya paa la stoo. Akaniuliza kama nataka kusoma peke yangu, nikamwambia nilishakaa peke yangu vya kutosha.

Nimefanana nao. Wengi wa Sulle wa Nambis wana mstari mmoja, kutoka kwa babu mmoja aliyeishi yapata miaka mia tatu iliyopita, na mimi ni wa mstari huohuo. Alinionyesha safu za tarakimu, zao na zangu, tarakimu kwa tarakimu. Kidole chake kilikuwa kinateremka na mimi nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayehesabu maksai wake waliopotea wakirudi zizini. Tofauti zilikuwa mbili tu.

Mama hakusema uongo. Alilitoa jina la kweli, akalipeleka kwa miguu mpaka Hanang, akamwandikisha nalo mtoto wake shuleni. Hakuwataja waliomwacha, lakini mwanawe hakumnyang'anya watu wake. Nilifunika uso kwa mikono na daktari akageuka kutazama mahindi kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Baadaye ndipo nilipouliza kuhusu Mzee Hermani. Akasema, "Bahasha yake ni yake, baba." Lakini nilihitaji kuambiwa? Yeye ndiye Sulle wa Masulle. Nimepata watu wangu, na Patriki amepata dada.

Ijumaa, 17 Mei
Mm 5.

Nimemwambia Justina. Amekaa kimya tangu asubuhi, na kwa Justina hiyo ni dalili ya ugonjwa. Adhuhuri akasema: "Baba Patriki, choma hiyo karatasi. Daktari hatasema. Waambie wewe ni Sulle mwingine, waoane, iishe."

Na kweli ingewezekana. Hakuna mtu duniani anayejua isipokuwa daktari aliyeapa. Miaka mia tatu ni mbali. Hata serikali haina shida na ndoa ya namna hiyo, wala kanisa halijali babu wa miaka mia tatu. Nilizunguka shamba lote na kiberiti mfukoni. Maharage yametoa maua, mazuri sana, na sikuyaona vizuri.

Jioni nikamwita Patriki nikamwambia yote, pamoja na habari ya kiberiti. Alikuwa anafuta grisi mikononi na kitambaa. Akaifuta muda mrefu. Akasema, "Ni jina lako, baba. Umelitafuta tangu sijazaliwa. Sema unavyoona."

Bora angenigombeza.

Jumapili, 19 Mei
Mm 0. Nimeamua. Nikianza kuwa Sulle kwa uongo, nitakuwa nimepokea jina nikalichafua siku hiyohiyo. Nimetuma ujumbe Nambis kwamba tunakuja Jumamosi. Justina hajanisemesha, ila amenipigia pasi suruali.

Jumamosi, 25 Mei. Kurudi usiku hakukuwezekana, naandika Jumapili asubuhi, Nambis.

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Wazee walikuwa kumi na wawili uani kwa Mzee Hermani. Aliyeongoza alikuwa Mzee Tluway, wa ukoo mwingine, kwa kuwa mwenye shauri haamui shauri lake. Jenifa alisimama mlangoni mwa jiko pamoja na mama yake. Patriki alikaa nyuma yangu. Nilimsikia anavyopumua.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba mara ya kwanza niliulizwa mimi ni Sulle wa wapi nikasema sijui. Leo najua. Nikaeleza habari ya mama yangu, kwamba alitolewa katika nchi hii akiwa na mimba ya mtu wa ukoo huu, simjui yupi na sitamjua. Nikawapa karatasi. Nikasema mimi ni Sulle wa hapa. Nikasema pia kwamba najua maana yake kwa mwanangu, na sikuja kuomba sheria ibadilishwe.

Mzee mmoja aliyekaa kushoto, simjui jina, alianza kulia bila sauti. Mzee Tluway akachora mstari ardhini kwa fimbo, kisha akasema kwamba nimekaribishwa nyumbani, na kwamba neno lililobaki ni zito lakini ni fupi. Posa imekufa. Sulle haoi Sulle.

Nilisikia Jenifa akiingia ndani ya jiko.

Mzee Hermani akainuka. Nilidhani anakuja kunipa mkono. Akanipita, akaingia nyumbani kwake, akakaa humo mpaka watu wakaanza kutazamana. Aliporudi alikuwa na bahasha kama yangu. Akamwita mjukuu wake atoke jikoni asome, kwa kuwa ni mwalimu na macho yake ni mazima.

Jenifa alisoma kwa ile sauti yake ndogo. Alipofika katikati akasimama akamtazama babu yake. Babu akamwambia aendelee. Karatasi ilisema mstari wa Mzee Hermani haufanani na wa Sulle wenzake. Unafanana na wa familia za wafugaji wa tambarare za Hanang.

"Niliyajua haya," akasema Mzee Hermani. "Baba yangu aliniambia mara moja tu, nikiwa kijana, akanikataza nisiyarudie. Babu yangu aliokotwa. Ulikuwa mwaka wa njaa, alikuwa mtoto wa Kibarabaig ameachwa kwenye maji. Sulle mmoja akambeba begani, akamlea, akampa jina. Alikuwa mdogo, hakukumbuka jina la baba yake. Nimelilinda jina hili kuliko waliozaliwa nalo, kwa sababu mimi nilijua linaweza kuondoka."

Kisha akanigeukia. "Huyu ni Sulle. Mimi siye."

Nilitaka kumzuia. Nasema kweli, nilitaka kusimama nimwambie anyamaze. Nilimwona akipiga magoti katika lile tope la makaburi, na nilijua alichokuwa anakitoa.

Mzee Tluway hakumrahisishia. Akasema mtoto aliyelelewa ni mtoto. Kwa desturi yetu, aliyebebwa begani na Sulle ni Sulle, na watoto wake ni Sulle, na posa bado imekufa. Hapo watu wakanung'unika, wengine wakikubali. Mzee Tluway akainua fimbo. Akasema njia ni moja tu. Kama Hermani anataka damu ndiyo ihesabiwe na si bega, basi aseme hapa kwa kinywa chake, mbele ya wote, na kuanzia leo hataketi kama mkubwa wa Sulle, wala hatasemea makaburi yao. Hawezi kula huku na huku.

Jenifa akasema, "Babu, usifanye hivyo." Alisema kwa Kiswahili, ingawa shauri lote lilikwenda kwa Kiiraqw, nadhani ili wote tujue kwamba si yeye aliyemwomba.

Mzee Hermani akavua kofia. "Ihesabiwe damu," akasema. "Nimeketi hapo miaka thelathini. Inatosha. Mpeni mtoto mume wake."

Mzee Tluway akaanza slufay, ile sala ndefu ya wazee, na sisi tukaitikia kila mstari. Akaomba mvua na maziwa, akawaombea Patriki na Jenifa, akawataja waliotolewa nje ya mipaka na waliookotwa ndani yake. Niliwaza jinsi nchi hizi mbili, mlima na tambarare, zilivyobadilishana watoto bila kuandikiana hata barua. Watu wa tambarare walinipokea mimi tumboni mwa mama yangu. Hawa wa mlimani walimbeba babu yake Mzee Hermani begani. Na pamba kidogo ya kusugua shavu imetuonyesha yote. Nimesoma kilimo, nimeona mbegu ikifanya mambo, lakini kama hili sijaona.

Baadaye pombe ililetwa. Patriki na Jenifa walikuwa wamekaa kwenye gogo, hawashikani mikono kwa sababu ya wazee, wanatazama mbele kama watu wanaopigwa picha. Mimi na Mzee Hermani tulikaa kwenye benchi la ukutani. Alikuwa hajagusa kikombe chake. Nikamwambia makaburi nitayapalilia, lakini naomba anifundishe majina, na kama atakuja kukaa pembeni tu, hakuna atakayemfukuza mtu aliyekaa. Akasema atafikiri.

Kisha akaniuliza, taratibu, bila kunitazama: "Miaka yote ile, watu walipokuuliza wewe ni wa nani, ulikuwa unajibu nini?"

Nikamwambia kwamba kwake nilisema sijui kwa kuwa alinitisha. Kwingine kote nilisema mimi ni mtoto wa Lucia. Wapo waliocheka. Wengi walinipa kiti.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba. Dereva aliyetuleta, kijana wa Dareda, alikuwa ametoka kulala garini na hakujua lolote lililotokea. Akaja na kofia mkononi, akamwinamia mwenye umri mkubwa.

"Shikamoo, babu. Samahani, wewe ndiye Mzee Sulle?"

Mzee Hermani akaninyooshea kidole.

"Sulle ni huyu," akasema. "Mimi ni mtoto wa Tekla."

Dereva akaona ni jambo la kawaida tu, akatuamkia wote wawili.